Jina Moja, Kadi Mbili: Tujue Tunachonunua



Swali moja huulizwa sana na familia zinazotaka kununua kompyuta ya nyumbani: "Muuzaji asema ina kadi ya picha ya GT 1030, gigabaiti 2. Je, yafaa?" Kabla ya kujibu, nasi hatuna budi kuuliza: ni GT 1030 ipi? Kwa sababu ziko mbili. Jina ni moja na gigabaiti ni zile zile, lakini kazi zake zatofautiana sana. Katika makala haya tutazilinganisha, ili pesa ya familia isipotee kwa kutojua.

Kadi ya picha ni nini?

Kadi ya picha ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta, chenye prosesa yake na kumbukumbu yake. Kazi yake ni kuchora kila tunachokiona kwenye skrini. Skrini yenye nukta 1920 kwa 1080 ina jumla ya nukta 2,073,600. Mchezo unaokwenda vizuri huchorwa upya mara 60 kwa kila sekunde moja. Hebu zidisha, utaona ni kazi kubwa kiasi gani.

Kadi ya GT 1030 ilitolewa na kampuni ya NVIDIA ya Marekani mwezi wa Mei 2017, ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, ambayo iliundwa makusudi kwa kadi za picha. Ni kadi ndogo, ya bei nafuu, na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Ndiyo maana yafaa kuwekwa katika kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini. Mwaka 2018 ikatoka nyingine, kwa jina lile lile la GT 1030, lakini kumbukumbu yake ni DDR4, ya jamii ile inayotumiwa na kompyuta yenyewe kwa kazi zake za kawaida.

Tuzilinganishe

Viini vya kukokotoa: zote mbili zina 384.
Ukubwa wa kumbukumbu: zote mbili zina gigabaiti 2.
Upana wa njia ya kumbukumbu: zote mbili ni biti 64.
Kasi ya juu ya prosesa: ya GDDR5 ni megahezi 1468, ya DDR4 ni megahezi 1379.
Umeme: ya GDDR5 hutumia wati 30; ya DDR4 hutumia wati 20.
Kasi ya kumbukumbu kwa kila biti ya njia: ya GDDR5 ni gigabiti 6 kwa sekunde; ya DDR4 ni gigabiti 2.1.

Mtu akisoma mistari mitatu ya mwanzo atasema kadi hizi ni ndugu pacha. Hata kasi ya prosesa imepungua kwa asilimia 6 tu. Siri imo katika mstari wa mwisho. Wanafunzi, chukueni kalamu tupige hesabu. Njia ina biti 64, na biti 8 hufanya baiti 1. Basi:

GDDR5: 6 × 64 ÷ 8 = gigabaiti 48 kwa sekunde.
DDR4: 2.1 × 64 ÷ 8 = gigabaiti 16.8 kwa sekunde.

Kadi ya pili yapitisha asilimia 35 tu ya kile kinachopitishwa na ya kwanza, yaani kama theluthi moja.

Mfano wa karamu

Tuseme kuna karamu mbili za harusi. Kila moja ina wapishi 384. Kila moja ina ghala la mchele lenye ukubwa ule ule, na mlango wa ghala una upana ule ule. Lakini wachukuzi wa karamu ya kwanza wanakwenda mbio, na wa karamu ya pili wanajikokota. Wapishi wa karamu ya pili si wavivu. Wamesimama mikono mitupu wakingoja mchele. Ukubwa wa ghala hauwasaidii kitu.

Hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya kadi. Waliozipima mwaka 2018, wakitumia michezo ile ile kwa kadi zote mbili, walikuta kwamba katika michezo kadhaa ile ya DDR4 ilichora nusu tu ya picha zilizochorwa na mwenziwe kwa sekunde, na mara nyingine hata chini ya hapo. Ikiwa ya kwanza inachora picha 50, ya pili inachora 25, na hapo mchezo huanza kukwamakwama.

Je, ya DDR4 haifai kabisa?

Hatusemi hivyo. Kwa kuandika, kusikiliza visomo, kusoma vitabu na kutazama video, yatosha. Video hufunguliwa na sehemu maalumu ndani ya kadi, si kwa viini vile 384. Lakini kwa kazi hizo, prosesa nyingi za kompyuta tayari zina uwezo wa picha ndani yake, na huenda familia haihitaji kununua kadi yoyote. Ubaya ni kulipa bei ya ile ya kwanza ukapewa ya pili.

Na jambo hili si la kadi hii pekee. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo iliuza GTX 1060 ya gigabaiti 6 yenye viini 1280, na GTX 1060 ya gigabaiti 3 yenye viini 1152. Mnunuzi alidhani tofauti ni kumbukumbu tu. Mwezi wa Septemba 2022 ikatangaza RTX 4080 mbili, moja ya viini 9728 na nyingine ya viini 7680. Wanunuzi walilalamika, na mwezi uliofuata kampuni ikaiondoa ile ndogo. Januari 2023 iliingia sokoni kwa jina jingine, RTX 4070 Ti. Kuuliza kwa wanunuzi kulizaa matunda.

Tufanye nini dukani?

Kwanza, tusiridhike na jina wala gigabaiti. Tuulize aina ya kumbukumbu.

Pili, tusome namba ya kadi kwenye boksi au kibandiko. Baadhi ya watengenezaji huandika D5 kwa GDDR5 na D4 kwa DDR4.

Tatu, ikiwa kompyuta imetumika, tumwombe muuzaji aiwashe na afungue programu ya GPU-Z, ambayo ni ya bure. Itaonyesha aina ya kumbukumbu na gigabaiti zinazopita kwa sekunde. Tukiona karibu na 48, ni ile ya kwanza. Tukiona karibu na 17, ni ile ya pili.

Nne, bei ilingane na kitu chenyewe. Katika masomo yetu ya biashara tumefundishwa kuwa muuzaji abainishe hali ya bidhaa yake kabla ya kupokea pesa. Vijana wetu watakaofungua maduka ya kompyuta kesho walizingatie hili: mteja asiyejua kuuliza ana haki ile ile ya kuelezwa.

Wabillahi tawfiq.