Okidi Kubwa Isiyoharakishwa

Mukumu, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, imejaliwa mambo ambayo watunzaji wa okidi katika nchi za baridi huyagharamia sana: mvua nyingi, hewa yenye unyevu na jua lisilochoma kupita kiasi. Katika Msitu wa Kakamega ulio jirani, okidi za aina nyingi zimejishikiza kwenye matawi bila kutunzwa na mtu. Lakini iko moja ambayo hata hapa humsubirisha mtunzaji miaka: Angraecum Veitchii, chotara yenye majani marefu kama mikanda na maua meupe yanayonukia usiku.

Mzazi wake mmoja ni Angraecum sesquipedale wa Madagaska, ambaye ua lake lina mrija wa nekta wa takriban sentimita 30. Charles Darwin alipouona alitabiri mwaka 1862 kwamba lazima awepo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufa. Mzazi wa pili ni Angraecum eburneum wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Ndugu yake wa karibu humea pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar, na jina lake la kisayansi, giryamae, limetokana na Wagiriama. Kitalu cha Veitch cha Uingereza kiliiandikisha chotara hiyo mwaka 1899.

Kuipata wakati huo kulihitaji subira ya ajabu. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi na haina akiba ya chakula; porini huota pale tu inapokutana na kuvu wa kuilisha. Wakulima walikuwa wakizinyunyiza mbegu kwenye mizizi ya mmea mzima, na nyingi zikafa. Mwaka 1922 Lewis Knudson, Mmarekani, alionyesha kwamba zinaweza kuota ndani ya chupa, kwenye ute wenye sukari na madini, bila kuvu wowote.

Chupa haikuondoa kungoja. Kutoka mche mdogo hadi ua la kwanza ni miaka kadhaa, na kosa moja laweza kuurudisha mmea nyuma msimu mzima.

Kosa la kwanza ni udongo. Mizizi yake minene huhitaji hewa, hivyo hupandwa kwenye vipande vya gome na makaa, ndani ya chungu chenye matundu au kikapu kinachoning'inia. Ikivunjwa wakati wa kuhamisha, mmea hununa kwa miezi, na ndiyo maana mtunzaji mzoefu hauhamishi bila sababu.

La pili ni maji. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati huifaa sana. Hatari ni mvua ya jioni. Mmea huu hukua kwa ncha moja tu juu ya shina. Maji yakilala hapo usiku wenye baridi, ncha huoza, na ikioza ukuaji wa juu umekwisha. Baridi hiyo si ya kupuuzwa: Mukumu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali wazazi wa chotara hii ni wa nyanda za chini zenye joto. Paa la plastiki angavu, chini yake neti ya kivuli, huukinga mmea na mvua ya jioni pamoja na mawe yake, ambayo huku si mageni.

Kisha siku moja kitu cha kijani huchungulia kwenye kitako cha jani. Ni mzizi au shina la maua? Mzizi huwa na ncha ya mviringo; shina la maua huwa bapa kidogo. Hata likiwa shina, wiki nyingi hupita kabla matumba hayajafunguka.

Anayetaka kuanza asipande mti msituni kubandua okidi. Zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na za porini zikihamishwa nyingi hufa. Miche ya kitaluni ndiyo ya kununua, na inayotoka nje ya nchi huhitaji vibali, kikiwemo cheti cha afya ya mmea.