Setilaiti na Wazee Wasimulia Hali ya Misitu Yetu
Mkazi wa Navakholo anayeishi kando ya Msitu wa Bunyala huona mti mmoja ukikatwa. Setilaiti huonyesha msitu mzima ukipungua. Katika mradi wa BIOTA Afrika Mashariki ulioanza mwaka wa 2001, wataalamu wa chuo kikuu cha Karlsruhe, Ujerumani, walishirikiana na watafiti wa Kenya kulinganisha picha za Msitu wa Kakamega zilizopigwa tangu miaka ya 1970. Majani mabichi huakisi mwanga tofauti na udongo mtupu, hivyo palipofyekwa hujitokeza. Lakini picha haielezi nani alikata wala kwa nini. Ndiyo maana wazee pia walihojiwa. Ukiona miti ikikatwa kiholela, mjulishe chifu au afisa wa misitu mapema.