Sheikh Amri Abedi na Sheria za Mashairi, Pamoja na Neno Juu ya Hali wa Kiurdu

Mtu aliyezoea mashairi yetu akiwasikiliza washairi wa Kiurdu wakizungumza juu ya kazi yao, hatakosa kutambua maneno kadhaa. Diwani kwao ni diwani. Shairi kwao ni jina la sanaa nzima ya utunzi, wala si la utungo mmoja kama kwetu. Ujamaa huu wa maneno, uliotokana na Kiarabu, waweza kumdanganya mtafiti akadhani kwamba kanuni nazo ni moja. Yafaa basi tuwatazame watu wawili, kila mmoja mshairi na mhakiki pia: Altaf Hussain Hali wa Panipat, Bara Hindi, na marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji.

Hali alizaliwa mwaka 1837, akafariki mwaka 1914. Alipata kuongozwa na Ghalib, na baadaye akaandika kitabu juu ya maisha ya mwalimu wake huyo. Mwaka 1893 alitoa diwani yake, na mbele yake akaweka utangulizi mrefu juu ya ushairi. Utangulizi huo uliishinda diwani yenyewe kwa sifa, na wengi huuhesabu kuwa chanzo cha uhakiki wa kisasa katika Kiurdu. Humo alidai kwamba mizani na vina si kiini cha ushairi, na kwamba utungo mwema hutaka usahili, ukweli na hamasa. Ghazali za wakati wake alizilaumu kwa mapenzi ya kubuni na maneno yaliyotiwa chumvi kupita kiasi.

Sheikh Amri alizaliwa mwaka 1924. Alikuwa mhubiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, akashiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1953, tena akasoma Rabwah, Pakistan, katikati ya miaka ya 1950. Kiurdu alikijua. Mwaka 1960 alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Alifariki Ujerumani ya Magharibi mwezi wa Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Jina lake leo hutajwa zaidi na wapenzi wa mpira, kwa sababu ya uwanja wa Arusha, kuliko na wasomaji wa mashairi. Jambo la kusikitisha.

Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954. Kama Hali, aliweka mafundisho na tungo katika jalada moja. Kufanana huku kusichukuliwe kuwa ni kuigana, maana mafundisho yenyewe yanakwenda kinyume. Kwa Sheikh Amri shairi halina budi kuimbika, na ili liimbike lazima mizani itimie na vina vipatane.

Tutazame mshororo huu, niliouunda kwa ajili ya mfano: "Mto wetu Kilombero, wafurika kwa masika." Kila kipande kina mizani 8, jumla 16. Herufi "m" ya "mto" inahesabiwa peke yake, kwa kuwa yatamkwa kama silabi kamili; lakini "m" iliyomo katika "Kilombero" haihesabiwi, maana imeungana na "b". Basi sikio huamua, si jicho. Mshairi wa Kiurdu hatahesabu hivi. Yeye hupima silabi ndefu na fupi, kila moja kwa mahali pake, na mshororo wenye idadi kamili ya silabi waweza kuwa umevunjika kabisa. Mwenye kuzijua kanuni zote mbili ataona kwamba mizani yetu, japo yaitwa kwa jina la Kiarabu, imejengwa juu ya matamshi ya Kibantu.

Kwa nini basi mmoja alegeze na mwingine akaze? Hali aliandikia watu waliokuwa na ufundi wa karne nyingi, hata ufundi ukawa mzigo. Sheikh Amri aliandika wakati ambapo kunga za ushairi zilikuwa mikononi mwa malenga wa pwani, nazo zilipokewa kwa mdomo. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa bara. Fikiri juu ya Kidatu, katika bonde la Kilombero, ambako mashamba ya miwa yaliyoanzishwa miaka ya 1960 yaliwakutanisha Wandamba, Wapogoro, Wahehe na wageni wengi, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kijana wa mahali kama hapo hakurithi kunga kwa babu. Lakini akipewa sheria iliyoandikwa aweza kuhesabu kwa vidole vyake, akatunga, akapeleka gazetini bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Kwa hiyo naona kwamba waliokitumia kitabu hiki kama ukuta, katika mabishano yaliyofuata Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974, walikipa kazi ambayo hakikuandikiwa. Mwandishi alikuwa amekwisha kufa miaka 10, asiweze kujibu. Na waliompinga walishindana na sheria peke yake, ambayo si nusu yenye uzito zaidi. Atakayetaka kuipima hoja ya Sheikh Amri aanze na diwani iliyo nyuma yake, aimbe beti zake kwa sauti, ndipo arudi kwenye sheria.