Mafuta ya Damu ya Kurithi: Kuku na Sungura Walionyesha Njia



Mtu mwenye nguvu akianguka ghafla na kufa kabla ya uzee, majirani huulizana ni nani kamroga. Pengine sababu imo katika damu ya ukoo wenyewe.

Kolesteroli ni mafuta ambayo mwili hujitengenezea, hasa kwenye ini. Tunaihitaji. Ikizidi, hujibandika ndani ya mishipa, kama matope katika bomba la maji, mpaka moyo ukose damu. Wako watu wanaozaliwa nayo nyingi, kwa sababu ini lao lina upungufu wa milango ya kuiondoa katika damu. Inakadiriwa ni mtu 1 kwa kila 250 hadi 300 duniani. Hata mtu mwembamba apigaye beleshi siku nzima anaweza kuwa nayo.

Dawa yake ilipatikanaje? Mwaka 1973 huko Ujapani, Akira Endo na wenzake katika kampuni ya Sankyo, baada ya kupima aina za kuvu zaidi ya 6,000, walipata kompaktini. Walipowapa panya, kolesteroli haikushuka. Kazi ilikaribia kuachwa. Endo akafikiri: yai lina kolesteroli nyingi, basi hata kuku atagaye anayo. Mwaka 1976 wakajaribu kwa kuku, nayo ikashuka sana. Wakafuata mbwa na nyani.

Lakini kuku hao hawakuwa na ugonjwa wa kurithi. Aliyekuwa nao ni sungura. Yoshio Watanabe wa Chuo Kikuu cha Kobe alimgundua sungura mwenye kolesteroli nyingi bila kulishwa mafuta, akamzalisha mpaka akapata ukoo mzima wenye ugonjwa huo. Mwaka 1981 kompaktini ilijaribiwa kwa sungura hao, na mafuta ya damu yakapungua. Kompaktini haikufika sokoni, ila dawa ya jamii yake, lovastatini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Jamii hiyo huitwa statini. Hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini, nalo ini hufungua milango zaidi ili kuivuta kutoka katika damu.

Sasa, ndugu msomaji, fanya haya:

1. Kama baba au kaka alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 60, mwambie daktari, uombe kipimo cha damu.

2. Angalia uvimbe mgumu nyuma ya kisigino au juu ya vifundo vya vidole. Mafuta hayo hujikusanya hapo.

3. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Wapimishe wote.

4. Ukiandikiwa statini, usiache kunywa kwa kuwa husikii maumivu. Mwenye mimba, au anayetaka kuipata, amwone daktari kwanza.

5. Punguza mawese na nyama ya mafuta, acha sigara. Lakini kwa ugonjwa wa kurithi, chakula peke yake hakitoshi.

Ugonjwa huu hauumi mpaka siku unapoua. Usingoje siku hiyo.