Bibi Maendeleo Naye Bado Anajifunza



Wengi wetu tunamjua afisa maendeleo ya jamii. Wazee wetu bado wanamwita bwana maendeleo au bibi maendeleo. Ndiye anayetusaidia kuunda kikundi, kuandika katiba ya kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri. Tunadhani mtu huyu amekwisha kusoma. Ana cheti, ana pikipiki, basi eti anajua yote! Sivyo. Asipoendelea kujifunza, hasara inatufika sisi wakulima.

Kanuni hubadilika

Tuchukue mfano wa mikopo. Mwaka 1918 au 1960 hakukuwa na mikopo hii. Ni jambo la juzi tu. Mwaka 2018 sheria iliagiza kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Katika kila shilingi 10 za mkopo, 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu wake. Mwaka 2024 ikaanza tena, kwa kanuni mpya.

Sasa fikirini. Afisa anafundisha kwa karatasi za zamani. Kina mama wanajaza fomu, wanalipa nauli hadi halmashauri. Wakifika wanaambiwa, "Fomu hizi hazitumiki tena." Nauli imekwenda, na siku ya palizi imepotea.

Mahali hutofautiana

Wilaya ya Korogwe ina Bungu na Vugiri, huko milimani kwenye mvua. Ukishuka Mombo unakuta mpunga wa kumwagilia. Ukienda Handeni, kwa mfano Sindeni au Mkata, shida kubwa ya siku nyingi ni maji. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 lilijengwa bomba kubwa la kupeleka Handeni maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe.

Afisa aliyezoea milimani akihamia kwenye ukame, hana budi kujifunza upya. Akiita mkutano saa tatu asubuhi wakati wa kiangazi, kina mama wako kwenye foleni ya maji. Watakaokuja ni wanaume. Hao ndio watakaochagua mahali pa kujenga kioski cha maji, na wachotaji wenyewe hawapo! Kioski kikiwekwa mahali pasipofaa, mama atatembea na ndoo kichwani kwa miaka mingi.

Anajifunza wapi?

Kwanza, chuoni. Chuo cha Tengeru, karibu na Arusha, kimefundisha watumishi wa maendeleo ya jamii tangu miaka ya 1960. Handeni nako kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya namna hii vilianzishwa nchini tangu mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa Sweden. Hata mwanakijiji anaweza kusoma huko.

Pili, kwenye daftari lake. Kila mkutano aandike: nani walikuja, nani hawakuja, tuliahidi nini. Baada ya miezi mitatu arudi, asome, aone lipi limetimia.

Tatu, kwa wenzake. Afisa wa Korogwe akizungumza na wa Handeni, kila mmoja hupata jipya.

Nne, kwetu sisi. Hapa ndipo penye kazi. Sisi watu wa vijijini tuna adabu sana kwa mgeni. Akisema neno tunaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Akiondoka, tunafanya yetu. Yeye anaandika kwamba amefaulu. Atajifunza nini? Tumwambie kwa heshima, "Mwanangu, hapo hatukuelewa. Rudia." Au, "Jambo hili lilijaribiwa hapa, likashindwa kwa sababu hii."

Na sisi je?

Katibu wa kikundi, mhudumu wa afya na mjumbe wa kamati ya maji nao ni watu wa maendeleo. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Viongozi wa vikundi walipata semina fupi tu. Kisha walikaa na wenzao, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Hawakujua yote. Walijifunza huku wakifundisha.

Basi, wewe uliyehitimu kisomo, kalamu yako isikae bure. Fungua daftari la kikundi chako. Afisa akija, muulize kanuni za mwaka huu zinasemaje, na uandike jibu lake. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadili

1. Mkutano wa mwisho kijijini kwenu, nani hawakufika? Kwa nini?
2. Je, mmewahi kumwambia afisa wenu kwamba amekosea? Mlimwambiaje?
3. Daftari la kikundi chenu liko wapi, na nani anaweza kulisoma?