Svalbard: Kwa nini dubu mweupe sasa anatazamwa kutoka mbali

TANGU Januari 1, 2025, mgeni anayezuru visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norway, haruhusiwi kumkaribia dubu mweupe chini ya meta 300. Kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 umbali huo huongezeka na kuwa meta 500. Dubu akijisogeza mwenyewe, anayetakiwa kurudi nyuma ni mgeni.

Kwa mtu aliyelipa fedha nyingi, akaruka hadi mji wa Longyearbyen na kisha kukaa wiki nzima melini, sheria hiyo ni chungu. Katika meta 300 dubu ni doa la rangi ya manjano iliyopauka, maana manyoya yake si meupe kama theluji inayomzunguka. Asiye na darubini nzuri huweza kumpita akidhani ni jiwe. Wapo wanaosema kuwa meli ndogo inayosubiri kwa utulivu, injini ikiwa imezimwa, haimdhuru mnyama. Hoja yao si ya kubeza, lakini haitoshi.

Chakula kikuu cha dubu huyu ni sili, hasa mafuta yaliyo chini ya ngozi yake, naye humkamata juu ya barafu ya baharini. Huketi kando ya tundu ambalo sili hutokeza pua kuvuta pumzi, akangoja pengine kwa saa kadhaa bila kutikisika. Mara nyingi huambulia patupu. Mashua ya mpira ikipita karibu kwa kelele, sili hazuki tena, na dubu hana wa kumdai saa zake.

Majira ya kuchipua ndiyo msimu wake wa neema, kwa kuwa sili huzaa na watoto wao hawajawa wajanja. Akiba ya mafuta anayojiwekea wakati huo ndiyo humvusha kiangazi, barafu inapoyeyuka na mawindo kuadimika. Tena ni mwezi Machi na Aprili ambapo mama hutoka katika pango alilochimba thelujini, akiwa na watoto aliowazaa katikati ya giza la majira ya baridi. Hukaa humo miezi kadhaa bila kula, huku akinyonyesha. Hapo ndipo yanapoeleweka zile meta 500.

Kuna pia gharama ya kukimbia. Mwili wa dubu umeumbwa kuhifadhi joto, kwa hiyo mbio humchosha na kumchemsha upesi kuliko mtu anavyodhani. Mtalii humwona akiondoka kwa haraka, akampiga picha na kufurahi. Asichokiona ni akiba inayoteketea. Meli moja pengine si kitu. Lakini dubu yuleyule akifikiwa na meli ya pili, ya tatu na ya nne, hesabu hubadilika.

Ukaribu una hatari ya upande wa pili pia. Julai 2018, katika kisiwa kimoja cha kaskazini, dubu alimshambulia mlinzi wa meli ya kitalii aliyetangulia ufukweni kukagua usalama kabla abiria hawajashuka. Mlinzi alijeruhiwa kichwani. Wenzake wakampiga dubu risasi, akafa. Mnyama huyo analindwa na sheria ya Norway tangu 1973, mwaka ambao nchi hiyo, Marekani, Kanada, Denmark na iliyokuwa Urusi ya Kisovieti zilitia saini mkataba wa kumhifadhi.

Kanuni za 2025 haziishii kwa dubu. Katika maeneo yaliyohifadhiwa meli haiwezi kubeba abiria zaidi ya 200, na kushuka pwani kumewekewa mipaka katika sehemu 43 tu.

Anayekwenda kwa ajili ya dubu peke yake huenda akarudi na kinyongo, na kwa kweli atakuwa amejinyima. Walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno mawili marefu kama ya tembo, alikaribia kumalizwa na wawindaji hadi alipopewa ulinzi mwaka 1952. Leo makundi yake hulala ufukweni, yakikoroma na kunuka vibaya, na hakuna haja ya kumkimbiza ili umwone. Magenge ya mawe yamejaa ndege wa baharini kwa maelfu, na kulungu wa kaskazini, wenye miguu mifupi, hula majani hata kati ya nyumba za Longyearbyen.

Msafiri wa Afrika Mashariki azingatie jambo moja kuhusu hati. Svalbard yenyewe haidai viza, ila safari za kawaida hupitia Norway bara, na visiwa hivyo viko nje ya eneo la Schengen. Anayehitaji viza ya Schengen hana budi kuomba ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atakwama wakati wa kurudi. Na akishafika, asivuke mipaka ya mji kwa miguu bila kiongozi mwenye bunduki.