Mshtuko wa Moyo Hauchagui Umri

Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa mshtuko wa moyo ni maradhi ya wazee. Kijana akishika kifua, tunamwambia ni kiungulia, au uchovu, au amepatwa na upepo mbaya, kisha tunamwacha alale. Dhana hiyo inaua.

Tarehe 1 Mei 2019, Iker Casillas, golikipa na nahodha wa Hispania iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2010, alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa mazoezini na klabu ya Porto, Ureno. Alikuwa na umri wa miaka 37 tu. Alikimbizwa hospitali, akatibiwa na akapona.

Maradhi haya hutokeaje? Moyo nao hulishwa kwa damu kupitia mishipa yake. Mafuta yakijijenga ndani ya mshipa, kisha utando wake ukapasuka, damu huganda pale pale na kuziba njia. Sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa, na kila dakika inayopita huongeza hasara.

Kwa vijana, sababu kubwa ni sigara. Nyingine ni kisukari, shinikizo la damu, unene, mafuta mengi ya kurithi katika damu, na dawa za kulevya kama kokeini. Hata mama aliyejifungua karibuni huweza kuchanika ukuta wa mshipa wa moyo, ingawa hutokea kwa nadra.

Dalili zake ni kifua kubana kama kimewekewa mzigo, maumivu kuelekea mkono, shingo, taya au mgongo, jasho jembamba, kichefuchefu na pumzi kuwa fupi. Wanawake na wenye kisukari pengine wasiumwe sana kifua.

Ukiona hayo, mkalishe mgonjwa, asitembee wala kupanda ngazi. Kama hadhuriwi na aspirini wala hana maradhi ya kutokwa na damu, atafune miligramu 300. Kisha tafuteni gari haraka, mwende hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo.

Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, lakini asomewe akiwa njiani, isiwe badala ya hospitali. Nanyi vijana wetu mnaovuta sigara kwa kujificha, tunawasihi muache leo. Mwalimu na mzazi mwaweza kuwaficha, moyo hamuwezi kuuficha.